KeePassXC, Bitwarden au Chrome: nywila za ofisi zikae wapi?

Kwenye ofisi ndogo za Arusha, kuanzia Kijenge hadi Sakina, nywila huwa zinakaa sehemu tatu: kwenye daftari la kaunta, kwenye Chrome, na kichwani mwa dada wa mapokezi. Daftari silidharau, maana mdukuzi aliyeko nje ya nchi hawezi kulifunua. Ubaya wake ni kwamba nywila ya kuandikwa kwa kalamu na kusomeana kwa sauti huishia kuwa fupi, na hiyohiyo moja inatumika TRA (kodi), BRELA (usajili wa biashara), benki na kwenye imeili ya kampuni. Ikivuja sehemu moja, imevuja kote.

Mimi ni fundi kompyuta. Ukisoma maelezo mengi ya programu za kutunza nywila utadhani adui ni mdukuzi peke yake. Kwenye ofisi ya watu wawili watatu, nywila nilizoziona zikipotea zilipotea kwa njia mbili za kawaida kabisa: mfanyakazi kaacha kazi, au fundi kapiga Windows, yaani kaisakinisha upya na kufuta vilivyokuwemo diski C. Kwa hiyo hapa, nikilinganisha Chrome na programu mbili za kutunza nywila, KeePassXC na Bitwarden, nitaanza na hayo mawili, udukuzi utafuata.

Mama mmoja mwenye kampuni ya utalii karibu na Mnara wa Saa alilisema vizuri kuliko mwongozo wowote: "Mwanangu, mimi sitaki mengi. Huyu binti akiondoka msimu ukiisha, funguo zibaki hapa ofisini." Nikamjibu, "Sawa mama, basi tuanze na Chrome."

Chrome: ipo tayari, na ndiyo shida yake

Chrome haikudai chochote. Hulipi, husakinishi, inapendekeza nywila ndefu na kuijaza yenyewe, na simu ya Android yenye akaunti ileile inazipata zote. Mtu mmoja mwenye kompyuta yake, Windows yake ina nywila, na Gmail yake ina uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha uthibitisho wa pili, mfano namba ya kwenye simu), simwambii ahame. Anatosheka hapo.

Ofisini mambo hubadilika. Chrome inaweka nywila chini ya akaunti ya Google iliyoingia kwenye wasifu huo, na mara nyingi hiyo ni Gmail binafsi ya mhudumu, aliyeingia siku moja ili afungue imeili yake akasahau kutoka. Kuanzia siku hiyo kila nywila mpya ya kampuni inapanda kwenye akaunti yake. Akiacha kazi anaondoka nazo hata bila kukusudia. Ukimwondoa kwenye kompyuta na kufuta data zake, ofisi ndiyo inayobaki mikono mitupu. Na kama hakuna akaunti yoyote iliyoingia, nywila zinakaa kwenye diski C ya mashine hiyo tu. Windows ikipigwa upya, zimekwenda.

Halafu nani ameketi kwenye kiti? Kabla ya kukuonyesha nywila kwenye mipangilio, Chrome kwenye Windows huomba PIN au nywila ya Windows. Ofisi nyingi Windows haina nywila kabisa, "ili mtu yeyote aweze kuiwasha", kwa hiyo kinga hiyo inabaki jina. Na kwenye ukurasa wenyewe nywila inajijaza bila kuuliza mtu, isipokuwa uwe umewasha Windows Hello (kujithibitisha kwa PIN, uso au kidole) kwa kazi hiyo.

Kuhusu virusi: vipo vilivyotengenezwa mahususi kubeba nywila zilizomo kwenye vivinjari. Julai 2024, kwenye Chrome 127 ya Windows, Google ilianza kuweka kinga mpya ya kufunga data hizo ili programu nyingine isizisome kirahisi, ikianzia na vidakuzi (cookies, faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeshaingia kwenye tovuti). Watengeneza virusi hawakuchelewa kutafuta pa kupenyea. Mlango wao mkubwa huku kwetu tunaujua: Windows na Office za kukrakiwa, zile ambazo maelekezo yake ya kwanza ni "zima antivirasi". Mwezi huohuo wa Julai hitilafu kwenye Chrome 127 ilifanya watumiaji wengi wa Windows wasizione nywila zao kwa takriban saa 18. Zilirudi, lakini ukiwa na mgeni mezani anasubiri uthibitisho wa hoteli, saa 18 ni siku nzima ya kazi.

Anayeipenda Firefox ana nafuu moja: inaruhusu kuweka nywila kuu inayofunga nywila zote zilizohifadhiwa. Haijiwashi yenyewe, ni lazima uingie kwenye mipangilio uiwashe.

KeePassXC: faili moja, mkononi mwako

Ukoo wa KeePass ulianza mwaka 2003, Dominik Reichl wa Ujerumani alipotoa toleo la Windows. KeePassXC ni mradi mwingine, wa jamii ya watu wanaojitolea, uliotokana na tawi lililoitwa KeePassX, na unakwenda kwenye Windows, macOS na Linux. Ni programu huria, haina malipo, haina akaunti ya kufungua, na hakuna seva ya kampuni inayohusika. Nywila zako zote zinakuwa ndani ya faili moja linaloishia na .kdbx, limefungwa kwa usimbaji wa AES wa biti 256. Kati ya nywila kuu yako na ufunguo wenyewe kuna hesabu iitwayo Argon2, iliyoshinda shindano la kimataifa la mbinu za kulinda nywila mwaka 2015. Kazi yake ni kumlazimisha anayebahatisha atumie muda na kumbukumbu nyingi kwa kila jaribio. Kwako wewe ni kama sekunde moja ya kusubiri. Kwake anayetaka kujaribu mabilioni ni mzigo.

Hii ndiyo ninayoipenda kwa mashine zetu. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini ni za mtumba kutoka nje, RAM ni GB 4, na KeePassXC haizielemei. Kuna hata toleo lisilohitaji kusakinishwa, unalifungulia folda likawaka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ikiwa hujaibadilisha mipangilio, imekwisha kuhifadhi kila badiliko ulipolifanya, na unaweza kuiagiza iache nakala ya faili la awali kila inapohifadhi. Intaneti haiihitaji kabisa. Mwishoni mwa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 29, mwenye faili lake aliendelea kulifungua kama kawaida. Ni kweli tovuti zenyewe hazikufunguka, lakini PIN za vifaa, nywila za ruta, namba za akaunti za benki na maelezo ya leseni vilikuwa pale.

Sasa ubaya. Faili ni lako, na kulipoteza ni juu yako. Watu huliacha kwenye Desktop au Documents, ambazo zote ziko diski C, na fundi mwenye haraka akishapiga Windows hakuna wa kumpigia simu. KeePassXC haina "nimesahau nywila". Faili linatakiwa liwe angalau sehemu mbili: moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi inayolala nyumbani kwa mwenye ofisi, na ikiwezekana ya tatu Google Drive. Kuliweka Google Drive hakuna tatizo, maana linapanda likiwa limefungwa. Usiitegemee flashi peke yake. Flashi zinakufa bila kuaga.

Pia inadai mikono kidogo mwanzoni. Ili ijaze kwenye Chrome au Firefox lazima usakinishe kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha KeePassXC-Browser na kukiunganisha na programu. Simu inataka programu nyingine: KeePassDX kwenye Android, KeePassium au Strongbox kwenye iPhone. Na watu wawili wakihariri faili moja kwa wakati mmoja kupitia Google Drive, utaanza kukuta nakala mbili zenye majina yanayofanana. KeePassXC inaweza kuziunganisha, lakini anayejua kufanya hivyo ofisini huwa mmoja, na siku hiyo yuko Karatu na wageni.

Bitwarden: inarudi hata diski ikifa

Bitwarden ilianzishwa na Kyle Spearrin mwaka 2016, na kampuni yake iko California, Marekani. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuukagua. Mpango wa bure hauweki kikomo cha idadi ya nywila wala cha vifaa, jambo ambalo kwa programu ya biashara si la kawaida. Nywila zinafungwa kwenye kompyuta yako kabla ya kupanda kwenye seva, na kampuni haina nywila kuu yako. Kwa kawaida yake inatumia hesabu iitwayo PBKDF2, ya kumchelewesha anayebahatisha kama ile Argon2, kwa mizunguko 600,000. Ukitaka unaweza kuhamia Argon2 kwenye mipangilio ya akaunti.

Kwa ofisi, faida yake naieleza hivi: Windows ikipigwa leo mchana, jioni unaingia na kila kitu kipo. Hakuna faili la kutafuta.

Ya pili ni kushirikiana. Kwenye mpango wa bure unaweza kufungua shirika la watu wawili, mkawa na mkusanyo wa nywila mnaozitumia pamoja, huku kila mmoja na zake binafsi pembeni. Kwa yule mama na binti yake wa mapokezi, wawili ndio hao. Binti akiondoka, mama anamwondoa kwenye shirika na nywila za kampuni zinabaki. Hata hivyo, nywila alizozitumia bado unatakiwa kuzibadilisha. Kuna sehemu ya kumficha mtu asione nywila huku akiweza kuitumia, lakini anayejua kidogo namna kurasa za wavuti zinavyofanya kazi ataiona tu. Usiitegemee. Mkiwa watatu na kuendelea, utalipa kwa kila kichwa.

Intaneti ikikatika, Bitwarden iliyokwisha kuingia kwenye kompyuta hiyo bado inakufungulia kusoma, ila huwezi kuongeza wala kubadilisha. Sharti lake ni dogo na wengi wanalikosa: kwenye mipangilio ya muda wa kujifunga, chagua ijifunge, usichague itoke kwenye akaunti. Ikishatoka kabisa, bila intaneti haikuingizi.

Mtego mwingine ulikuja mwaka 2025. Akaunti isiyo na uthibitisho wa hatua mbili, ikiingia kwenye kifaa kipya, Bitwarden inatuma namba kwenye imeili. Sasa kama nywila ya imeili yenyewe imo ndani ya Bitwarden peke yake, na kompyuta imetoka kupigwa Windows, unaanza kuzunguka: huingii Bitwarden bila imeili, huingii imeili bila Bitwarden. Dawa ni kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kwenye simu, na ile namba ndefu ya kurejesha akaunti wanayokupa uiandike kwenye karatasi.

Programu yake ya mezani ni nzito kidogo kwa mashine ya GB 4. Huwa siisakinishi huko. Naweka kiendelezi cha kwenye kivinjari tu, na mtu hakosi chochote cha maana. Mpango wa kulipia kwa miaka mingi ulikuwa dola 10 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Bei hupanda, angalia kabla hujatoa kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia M-Pesa, lakini kwa wengi wa bure unatosha.

Nyingine, kwa ufupi

1Password imeanza mwaka 2005 huko Toronto, Kanada. Ni nzuri, na imekamilika kuliko zote nilizozitaja. Mbali na nywila kuu inaongeza ufunguo wa siri unaotengenezwa kwenye kifaa chako, hivyo anayeiba data kwenye seva hawezi hata kuanza kubahatisha. Haina mpango wa bure. Kampuni yenye magari kumi na ofisi mbili iitazame. Steshenari ya Ngarenaro haina sababu.

Proton Pass ya Uswisi ilitoka mwaka 2023, na mpango wake wa bure nao hauna kikomo cha nywila wala vifaa. Anayetumia tayari imeili ya Proton aende nayo tu.

LastPass siipendekezi. Mwaka 2022 wavamizi waliingia mara mbili, na Desemba mwaka huo kampuni ikakiri kwamba nakala za hifadhi za wateja zimechukuliwa. Nywila zilikuwa zimefungwa, lakini anwani za tovuti hazikuwa, kwa hiyo aliyeziiba alijua nani ana akaunti benki ipi. Njia waliyopitia ni ya kuumiza kichwa: kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja, iliyokuwa na programu ya muziki na video yenye tundu la zamani. Aliyekuwa na nywila kuu fupi ndiye aliyebaki hatarini.

Kitu ambacho daftari haliwezi

Zote hizi zinajaza nywila kwa kuangalia anwani ya tovuti. Ukurasa wa kughushi wenye nembo ileile na rangi zilezile, anwani ikiwa imetofautiana herufi moja, programu inanyamaza. Huo ukimya wenyewe ni taarifa. Mhudumu afundishwe kwamba nywila isipojijaza, asiinakili kwa mkono, amwite mtu.

Kwa Arusha hili si jambo la mbali, kwa sababu nusu ya mapokezi ya mji huu yanafungua imeili za wageni wasiowajua kutwa nzima. Machi 2025 Microsoft ilieleza kampeni iliyojifanya Booking.com na kuwaandikia wafanyakazi wa hoteli katika mabara mbalimbali: malalamiko ya mgeni, kiungo, kisha ukurasa unaokuomba ubonyeze kitufe cha Windows na R, ubandike kitu, ubonyeze Enter. Kinachobandikwa ni amri ya kushusha virusi vya kuiba nywila. Hapo hakuna programu itakayokuokoa kama hifadhi yako iko wazi kwenye skrini. Weka ijifunge baada ya dakika chache, na mwambie mhudumu wazi: hakuna mgeni wala hoteli itakayokuomba ubonyeze Windows na R.

Nani achukue ipi

Ofisi ya utalii, hoteli ndogo au duka lenye mwenye mali na mhudumu mmoja: Bitwarden ya bure. Mwenye mali ndiye afungue shirika kwa imeili ya kampuni, asimwachie mhudumu. Windows nayo iwekewe nywila, na kama mnapokezana kiti, kila mmoja awe na akaunti yake ya Windows.

Mhasibu, wakili au mshauri anayefanya kazi peke yake na kompyuta yake, Moshi au Arusha, mwenye siri za wateja asizotaka zipande kwenye seva ya mtu: KeePassXC, nakala mbili au tatu, basi. Vilevile kwa mwenye mashine kongwe isiyoweza kupandishwa Windows 11. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na huyo namshauri ahamie Linux; faili lake la .kdbx litafunguka kulekule bila kubadilishwa.

Steshenari ni kesi ya peke yake. Pale wateja wanajaziwa maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, usajili wa BRELA, na mambo ya TRA, na Chrome inauliza kila dakika "nihifadhi?" Anayebonyeza ndiyo amekusanya nywila za nusu ya mtaa. Nimefungua kompyuta za namna hiyo nikakuta orodha ndefu ya majina ya watu ambao hawajui kabisa kwamba wako humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na kusema "Chrome ilihifadhi yenyewe" si utetezi ninaoweza kukushauri. Kwenye mashine ya wateja usiweke programu yoyote ya kutunza nywila. Zima kuhifadhi, na wateja wahudumiwe kwenye dirisha la faragha (Incognito). Nywila za duka lenyewe zikae kwenye simu yako au kwenye kompyuta isiyoguswa na wateja.

Nywila kuu

Kila kitu sasa kinaning'inia kwenye nywila moja, kwa hiyo iwe ndefu, tena ya kukumbukika. Maneno matano au sita yasiyohusiana yanatosha, mradi bahati ndiyo iyachague na si wewe. Mbinu ya dadu, iliyoasisiwa mwaka 1995 na Arnold Reinhold, inatumia orodha ya maneno 7,776 na kurusha dadu mara tano kwa kila neno. KeePassXC ina kifaa cha kuyatoa, kwa Kiingereza, lakini inakubali orodha yako mwenyewe. Ya Kiswahili inakaa kichwani vizuri zaidi: tarumbeta, mgomba, koleo, kiwavi, bawabu, jamvi. (Hiyo usiitumie, imeshachapishwa.) Methali usiguse. "Haba na haba hujaza kibaba" ni ndefu, ila kila mwenye orodha ya Kiswahili atakuwa nayo juu kabisa.

Iandike kwenye karatasi, bahasha ifungwe, ikae nyumbani au kwenye sefu, na mtu mmoja unayemwamini ajue ilipo. Biashara nyingi za familia hapa mwenye nywila ni mzee, na akiugua ghafla watoto wanaanza kuzunguka TRA na benki wakieleza ukoo wao.

Siku ya kuhama

Kwenye mipangilio ya nywila ya Chrome kuna kitufe cha kupakua zote kama faili la CSV, yaani orodha ya maandishi ya kawaida. Bitwarden na KeePassXC zote zinalipokea. Faili hilo halijafungwa kwa chochote. Kila nywila inasomeka wazi, na linajiweka kwenye Downloads. Usilitume WhatsApp, usilipitishe kwenye flashi ya mtu. Ukishaliingiza, jaribu kuingia kwenye akaunti tatu nne kwa programu mpya, kisha lifute kwa Shift na Delete ili lisilale kwenye pipa la taka.

Baada ya hapo futa nywila zilizobaki ndani ya Chrome, na uzime ile sehemu ya kuuliza kuhifadhi. Ukiisahau hiyo ya mwisho, wiki ijayo mhudumu atabonyeza ndiyo, na utakuwa na sehemu mbili zenye nywila zinazopingana bila kujua ipi ndiyo mpya. Badilisha kwanza nywila ya imeili ya kampuni, kwa sababu ndiyo inayoweza kufungua nyingine zote, kisha benki, kisha TRA. Zilizobaki zibadilishe unapozitumia.